Naomba ushauri: shahada ya kompyuta yenye ithibati ya BCS au isiyo nayo?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu amepata nafasi vyuo viwili Uingereza, vyote sayansi ya kompyuta. Kimoja kozi yake ina ithibati ya BCS (chama cha wataalamu wa kompyuta cha Uingereza), kingine haina, ila masomo yake ya usalama wa mitandao yamenivutia zaidi.

Ninavyoelewa, ithibati inapewa kozi yenyewe, si chuo kizima, na ina muda wa kuisha. Tena BCS wanataka mradi wa mwisho mwanafunzi aufanye peke yake na aufaulu; alama za somo jingine haziubebi. Hilo nimelipenda sana.

Kwa mnaoajiri: ithibati mnaiangalia kweli, au mnaangalia kazi alizofanya mtu? Na akitaka baadaye kusajiliwa kama mhandisi, atakwama bila hiyo? Jibu la chuo linatakiwa hivi karibuni.