Mdogo wangu anajikwaa usiku, nimchukulie miwani ya namba gani?

Ndugu wa Kibirizi: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ana miaka 19, anavua dagaa hapa Kigoma. Usiku anajikwaa kwenye kamba na makasia, na taa za kuvulia zinamtawanyia mwanga. Macho hayamuumi. Muuza miwani nimeshamtangulizia nusu ya fedha. Namba ipi itamfaa? Naogopa atatumbukia ziwani.

Mama Mawese: Hiyo ni vitamini A. Seli za retina, utando wa nyuma ya jicho, zinazoona gizani haziwezi kazi bila hiyo. Mpikie mawese mekundu yasiyopaushwa, matembele na maini. Vijana wanaingia ziwani na chai ya rangi tu, mwili utapata wapi nguvu?

Fundi Lenzi: Kabla ya namba, mpime. Toboa kadi ngumu kwa msumari mwembamba, tundu la milimita 1 hivi. Azibe jicho moja, asome maandishi yaliyo mita 6, kwanza bila kadi, kisha kupitia tundu. Tundu linapitisha miale ya katikati tu, ambayo haihitaji kupindwa sana na konea, kioo cha mbele cha jicho, wala lenzi iliyo ndani. Akiona vizuri zaidi, miwani itamsaidia. Asipopata nafuu, namba yoyote utakayonunua ni hasara.

Ndugu wa Kibirizi: Nimempima sasa hivi. Anasoma yote hata bila kadi, macho yote mawili. Tundu halijaongeza kitu. Ila miwani ya kupunguza mwanga si itamfaa hata hivyo?

Msema Kweli wa Gungu: Huu uzi wa kutunga. Mvuvi wa dagaa saa hizi yuko ziwani, umempimia wapi? Tena anasoma mita 6 halafu haoni kasia lililo miguuni!

Ndugu wa Kibirizi: Mwezi ni mpevu, kaka. Dagaa hawafuati taa mwezi uking'aa, wote wako nyumbani. Sina sababu ya kumtungia mdogo wangu ugonjwa.

Fundi Lenzi: Hata hilo la kasia linawezekana kabisa. Kusoma kunapima katikati ya retina peke yake. Presha ya jicho, yaani glakoma, huanza kula uwezo wa kuona pembeni, na mara nyingi bila maumivu. Nijibu hili: anatia dawa gani machoni?

Ndugu wa Kibirizi: Ya muwasho tu. Tabibu alimwandikia mwaka jana, ikamfaa, tukawa tunanunua wenyewe dukani. Wekundu unaisha siku hiyohiyo, ndiyo maana sikuitaja. Imeandikwa deksametasoni.

Fundi Lenzi: Hapo ndipo penye shida. Hiyo ni steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu. Jicho hutengeneza maji ndani yake muda wote, nayo hutoka kupitia kichujio kilicho pembeni, konea inapokutana na irisi, ile duara yenye rangi. Kwa baadhi ya watu steroidi hukaza kichujio hicho, presha ikapanda. Kawaida ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Ikikaa juu, nyuzi za mshipa wa fahamu wa jicho hufa, na zikifa hazirudi. Dawa hiyohiyo huweza kuleta mtoto wa jicho upande wa nyuma wa lenzi, mwanga ukatawanyika. Dalili zake zote mbili zinaingia humo.

Mpeleke kesho hospitali ya mkoa, Maweni. Beba chupa. Omba apimwe presha ya macho, mshipa huo wa fahamu uangaliwe mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, na upana wa kuona wa kila jicho. Msinunue chupa nyingine. Namna ya kuiacha aamue daktari. Muwasho una dawa yake isiyo steroidi, kromoglikati, na kitambaa cha maji baridi. Asifikiche macho.

Mama Mawese: Kuna jirani anatumia timololi kwa presha ya jicho. Si aanzie hiyo usiku huu?

Fundi Lenzi: Hapana, mama. Tone la timololi hufika mpaka kwenye mapafu na kubana pumzi ya mwenye pumu. Wenye muwasho wa macho wa mzio (aleji) wengi wana pumu pia.

Ndugu wa Kibirizi: Anayo pumu, tangu utotoni. Fedha ya miwani nikaidai?

Fundi Lenzi: Kaidai, itafaa kwa vipimo. Pumu itajeni mapema, kabla hajaandikiwa chochote. Mboni ikishapanuliwa ataona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo asiendeshe pikipiki kurudi, na usiku huo asiingie ziwani.