Je, mechi moja ya dola 500 inatosha kumpa Heffelfinger kiti Canton?

Ndugu wachangiaji, mwenzetu aliyefungua mjadala huu anashikilia kwamba William "Pudge" Heffelfinger anastahili kuingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa futiboli ya Kimarekani ya kulipwa huko Canton, Ohio, kwa kuwa ndiye mchezaji wa kwanza kulipwa. Naomba kutofautiana naye, ingawa sina shaka hata kidogo na uwezo wa mchezaji mwenyewe.

Tarehe 12 Novemba 1892, klabu ya Allegheny ilimpa mlinzi huyu wa mstari wa mbele, aliyekwisha kung'ara akiwa Chuo Kikuu cha Yale, dola 500 taslimu pamoja na dola 25 za nauli ili aikabili klabu ya Pittsburgh siku moja tu. Ubishi juu ya mamluki, yaani wachezaji wa kukodiwa, ulikuwa mkali kiasi kwamba kamari zote zilifutwa kabla mpira haujaanza. Heffelfinger akauwahi mpira uliowaponyoka wapinzani, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, na bao hilo, lililohesabiwa alama 4 kwa kanuni za wakati huo, likaamua mechi.

Lakini tunajuaje kwamba alilipwa? Yeye hakukiri hadharani. Kwa miongo mingi sifa ya kuwa wa kwanza ilikuwa ya mchezaji John Brallier, aliyepewa dola 10 acheze mwaka 1895, mpaka miaka ya 1960 ilipoibuka karatasi ya hesabu za Allegheny yenye jina la Heffelfinger na malipo yake. Isitoshe, enzi zile za Heffelfinger klabu za ridhaa zilikuwa na hila zao: mchezaji hupewa saa kama zawadi, akaiweka rehani, klabu ikaikomboa na kumkabidhi tena wiki iliyofuata. Hayo kama si malipo ni nini?

Kwa hiyo Heffelfinger ni wa kwanza ambaye risiti yake imepatikana, na heshima ya kazi hiyo namwachia mweka hazina wa Allegheny. Makuu aliyoyafanya Yale yalikwisha kutambuliwa mwaka 1951, alipoingizwa katika ukumbi wa futiboli ya vyuo. Wanaomtetea wanijibu hili: ikipatikana kesho karatasi nyingine ya mwaka 1891 yenye jina tofauti, tutamwondoa Canton?