Mlangamia wa juu ya mkorosho, mama anataka kuunywa

Binti Mkuranga:
Habari zenu wadau. Shambani kwetu mlangamia umeufunika mkorosho wa karibu na kisima, nyuzi za manjano toka juu mpaka chini kama wavu ulioanikwa. Marehemu bibi alikuwa akiuponda kwenye kinu, anauloweka usiku kucha, asubuhi anatuosha nywele kwa ule utelezi. Mba haikukaa vichwani mwetu, hilo nimeliona mwenyewe. Sasa jirani kamwambia mama auchemshe anywe kutwa mara mbili, eti unashusha presha. Mama ana vidonge vyake vya kliniki. Nimeuficha ule mzigo na hanisemeshi tangu jana. Nimwambieje?

Mzee wa Pangani:
Mwanangu, umefanya vema kuuficha. Mlangamia ukishashika mti hauna tena mzizi ardhini. Unatoboa gamba na kunyonya maji na chakula cha mwenyeji wake, na mti ukiwa na sumu, nyingine huhamia humo. Babu yangu alikuwa mganga, hakukata uzi mmoja kabla ya kuuliza umepanda juu ya nini. Bibi yako alikuwa akiuchuma wapi?

Mpenda Mimea:
Tazama matunda, dada. Mlangamia wa pwani una tunda dogo la mviringo lenye nyama, mbegu moja ndani. Ni wa ukoo wa mparachichi na mdalasini. Upo mwingine unaofanana nao, wa ukoo wa kiazi kitamu, tunda lake ni kifuko kikavu. Huo wa pwani una alkaloidi ambazo maabarani zimelegeza mishipa ya damu ya panya. Kwa hiyo jirani hakubuni, lakini ukichanganywa na vidonge presha inaweza kuporomoka. Na huo mkorosho uokoeni: kateni matawi yaliyovamiwa, mchome hapohapo kabla ndege hawajala matunda.

Binti Mkuranga:
Nimetoka shamba sasa hivi. Matunda ni meupe, yana nyama. Nimezifuata nyuzi mpaka mwisho: zimetokea kwenye ua wa mnyaa, ule wenye utomvu wa sumu! Mzee, bibi alikuwa akiuchuma ufukweni tu, ule unaotambaa mchangani. Huu wa shamba alikuwa akiupita kila siku na kinu kipo nyumbani, wala sikuwahi kumuuliza sababu. Nimempeleka mama akaone mwenyewe. Amesema Jumatano twende wote kliniki.