Naomba ushauri: kanda za marehemu baba

Wakuu, shikamooni wakubwa. Wiki nzima niko na nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, enzi za bendi ya Morogoro Jazz, kabla hajaanzisha Super Volcano mwaka 1973. Gitaa lake la solo halinichoshi kabisa.

Sasa, baba aliniachia kanda kumi na mbili alizorekodi mwenyewe kutoka Radio Tanzania. Moja ni taarab ya Ikhwani Safaa, kikundi cha Zanzibar. Unawasikia hadi wapiga fidla wakilinganisha nyuzi kabla ya wimbo. Shida ni kwamba kanda zimeanza kunata. Juzi redio kaseti imenitafunia moja, nikairudisha kwa kalamu ya biki huku natetemeka.

Nizihamishie kwenye kompyuta mwenyewe kwa waya, au nitafute fundi? Na wenye rekodi za dansi la ukumbini, siyo studio, mnasikiliza zipi?