Mkopo wa halmashauri ununue simuleta za ndege wakati flapsi zake zinadanganya?

Mtani wa Ipagala
Wakuu habari za Jumapili. Nipeni akili hapa maana kikundi chetu kinataka kupasuka. Tuko vijana hapa Dodoma, kikundi tumeshasajili, tunataka kuomba ile mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana, tununue kompyuta za maana, usukani wa ndege na pedali, tufundishe watoto wa sekondari misingi ya kurusha ndege kwa ada ndogo. Sasa mwenzetu mmoja, aliwahi kukaa mbele na rubani, kagoma kusaini. Anasema Cessna 172, ile ndege ndogo ya kujifunzia, kwenye programu yetu ya simuleta (ya kuigiza kurusha ndege kwenye kompyuta) ukishusha flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa, nyuzi 10 tu ndege inapaa kama puto, pua juu, spidi inakata, mtoto anazoea kusukuma usukani kwa mikono miwili. Anasema huo ni uongo na hatuwezi kufundisha uongo kwa hela ya umma. Wengine tunasema ni misingi tu, wakifika chuo watanyooshwa. Je ni sawa kukopa kwa kitu cha hivyo? Naomba kuwasilisha.

Kunduchi Pwani
Dodoma bwana. Mmeletewa treni ya umeme mnafika Dar masaa matatu na nusu hivi, bado mnataka ndege za kwenye kioo. Kopeni mkalime zabibu.

Zabibu Chungu
@Kunduchi Pwani kwani treni imewakosea nini? Kila kitu kikitajwa Dodoma lazima mtu wa Dar aje na zabibu, mara vumbi, mara treni. Hiyo treni inawaleta nyie huku kila Jumatatu kufuata sahihi wizarani, mmejaa na mabegi ya laptop. Na kwa taarifa yako uwanja wetu uko katikati ya mji, mtoto wa Dodoma anaona ndege inatua anatoka shule, wewe wa Kunduchi unaiona ikiwa juu ya bahari huko.

Fundi wa Mkia
Tuacheni treni kidogo. Mtani, huyo mwenzenu yuko sawa nusu. 172 ya kweli ukishusha flapsi pua INAPANDA, hilo sio kosa la programu. Flapsi ikishuka bawa linapinda zaidi na linasukuma hewa chini kwa nguvu zaidi, hewa hiyo inaenda nyuma inakutana na bawa dogo la mkiani, mkia unakandamizwa chini, pua inaenda juu. Bawa lenyewe peke yake lingetaka kuinamisha pua, ila kwenye 172 mkia unashinda. Ndo maana rubani anashusha flapsi huku mkono tayari unasukuma usukani mbele kidogo, kisha anarekebisha trimu, kile kigurudumu cha kuondoa uzito kwenye usukani.

Swali sio kama pua inapanda, swali inapanda KIASI GANI na KWA HARAKA GANI. Flapsi za 172 nyingi zinaendeshwa na mota ya umeme, zinashuka taratibu, nguvu ya kuinua inakuja pole pole. Programu mbovu inakupa yote kwa mpigo ukibonyeza tu. Angalieni hapo kwanza.

Kapteni Nkuhungu
Nunueni simuleta ya X-Plane muachane na stress. Ile inakata bawa vipande vipande inapiga hesabu ya kila kipande, haibahatishi.

Fundi wa Mkia
Kapteni, vipande inakata ni kweli, lakini kwenye flapsi aliyeunda ndege bado ndiye anaingiza namba, flapsi zinaongeza kiasi gani kuinua, kiasi gani kukokota, kiasi gani kuinamisha pua. Akiingiza namba mbovu vipande vyote vinakula namba mbovu. Simuleta ya bure ya FlightGear ukipakua ndege inayotumia JSBSim (sehemu inayopiga hesabu za mwendo wa ndege) unafungua faili unaona majedwali yenyewe, nyuzi za flapsi huku, nguvu huku, unabadilisha kwa programu ya kuandikia ya kawaida tu.

Kunduchi Pwani
Kumbe ya bure ipo? Sasa mkopo wa nini? Hapo ndo mjue kuna watu wanataka kupiga hela. Halafu hata mkirekebisha, huko kwenu juu hewa nyepesi, flapsi hazishiki. Flapsi ni za Pwani.

Zabibu Chungu
"Flapsi ni za Pwani" 😂😂 mtu anaandika hivi mchana kweupe bila aibu.

Ngoja nikufundishe bure. Uwanja wa Dodoma uko futi 3,600 na ushee. Mchana joto likifika nyuzi 30, wakati kwa kimo hicho hesabu ya vitabu ni nyuzi 8 hivi, ndege inajiona iko kama futi 6,300. Lakini spidi ya kwenye saa, yaani kipimo cha spidi mbele ya rubani, haibadiliki! Ukitua na noti 65 (maili za baharini kwa saa) Dar utatua na noti 65 Dodoma, bawa halijui mkoa. Kinachobadilika ni unavyokimbia juu ya ardhi, hiyo 65 inakuwa 71 hivi, unakula njia ndefu zaidi. Shida kubwa ni ukighairi kutua na flapsi zote ziko chini, injini huku inapumua kidogo, hapo ndo utajua kwanini wanakwambia rudisha kwanza mpaka 20. Kwa hiyo mtoto wa Dodoma ndo anahitaji simuleta kuliko wa kwenu.

Hesabu za Jioni
Nimesoma yote. Mtani, mkosoaji wenu amewahi kutaja namba? Mimi ningeanzia hapa. Kitabu cha 172S, toleo mojawapo la hiyo Cessna, kinasema uzito ukiwa kamili inastoli (bawa linaacha kuibeba) noti 48 bila flapsi na noti 40 flapsi zote zikiwa chini. Wengi wanaotengeneza ndege za simuleta wanachukua hizo mbili wanaenda nazo. Nguvu ya kuinua inafuata mraba wa spidi, 48 gawa 40 kisha mraba unapata 1.44, yaani flapsi zimeongeza asilimia 44.

Sasa hizo ni noti za kusoma kwenye saa, na saa inasoma pungufu spidi ikiwa ndogo na pua ikiwa juu. Kitabu hichohicho pembeni kina safu ya spidi iliyosahihishwa, 53 na 48. Piga tena, 53 gawa 48, mraba, 1.22. Asilimia 22. Na flapsi 10 peke yake ni 53 kwa 50, kama asilimia 12 tu. Aliyetumia safu ya kwanza kawapa flapsi nguvu mara mbili ya kweli, lazima ndege ipae. Fungueni faili mlinganishe kabla hamjagombana.

Kapteni Nkuhungu
Eti saa inasoma pungufu 😂 Wamarekani watengeneze ndege saa yake inadanganya na watu wapande? Chai hii haina hata sukari. Mimi nimerusha 172 kwenye kompyuta yangu mpaka flapsi 40 na haijawahi kupaa hovyo.

Fundi wa Mkia
40? 172 ipi hiyo?

Kapteni Nkuhungu
Cessna 172. Unajua ndege au unajua mkia tu?

Fundi wa Mkia
Najua kwamba za zamani zilikuwa na 40, ilivyokuja 172P mwaka 1981 wakaishia 30, na hiyo S anayoizungumzia Hesabu mwisho ni 30. Kama S yako inashuka mpaka 40 basi umepakua ndege ya mtu aliyejichanganyia. Usinipandishie mimi, mpandishie aliyekuuzia.

Kapteni Nkuhungu
Hakuna aliyeniuzia, nimepewa na mshikaji.

Zabibu Chungu
Hapo sasa. Kapteni wa flash ya kuazima.

Kapteni Nkuhungu
Dada nakuheshimu, ila usinijue vibaya. Watu wa kuongea mengi hapa sijaona hata mmoja ana leseni.

Mzee wa Mlimwa
Wanangu salamu. Mimi ya flapsi siyajui, nimewahi kukaa kwenye kamati ya kata ya kupitisha hivi vikundi. Mkopo ule hauna riba lakini unarudishwa, na swali la kwanza mtakaloulizwa sio pua inapanda kiasi gani, ni mtoto wa sekondari atalipa nini na mtarejesha kila mwezi kutoka wapi. Nimeona kikundi kinaleta mpango wa kurasa nyingi, ukiuliza mteja ni nani wanaangaliana. Mmehesabu LUKU? Kompyuta za namna hiyo zinakula umeme.

Kunduchi Pwani
Shikamoo mzee. Umemaliza. Na treni hawapandi wanataka ndege.

Mtani wa Ipagala
Marahaba za mzee usipokee wewe Kunduchi 😅 Mzee shikamoo, umeme tumeweka, wateja tumeongea na walimu wa fizikia wa shule mbili, wanataka walete watoto kwa vipindi. Ila wakuu nimewaonyesha wenzangu hii ya mikia, mkosoaji wetu sasa kabadilika, anasema basi hata usukani wetu ni wa plastiki hauna uzito, wa kweli ukishusha flapsi unausikia mkononi. Kwa hiyo hata tukirekebisha faili bado hasaini. Huyu tumfanyeje?

Fundi wa Mkia
Huyo hataki mkopo, sio suala la flapsi tena. Muulizeni nani atakuwa mweka hazina.

Zabibu Chungu
😂😂😂

Hesabu za Jioni
Mmefungua faili?

Kunduchi Pwani
Mweka hazina hapo ndo utamu. Mtani tuambie ukweli, nani anashika hela?

Mtani wa Ipagala
Kwa katiba ya kikundi ni mimi kwa sasa, mpaka uchaguzi.

Kapteni Nkuhungu
Ahaaa.

Kunduchi Pwani
AHAAAA. Wakuu uzi umeiva, leteni viti.

Mama Nzuguni
Samahanini, nimepita. Binti yangu yuko kidato cha tatu anapenda sana haya mambo, fizikia anapata vizuri. Mnapokea wasichana? Na hicho kipindi ni siku gani?

Mtani wa Ipagala
Karibu sana mama, tunapokea, wasichana ndo kwanza tunawatafuta. Jumamosi asubuhi, kwa sasa ni bure maana kompyuta ni moja wanapokezana. Nakutumia namba inbox.

Kapteni Nkuhungu
Mama muulize kwanza mweka hazina.