Mjadala: Je, asili ya neno inaweza kuihukumu mamlaka?

Mtoa mada: Yapo madai yanayorudiwa sana kwamba neno la Kiingereza "government" limeundwa kwa maneno mawili ya Kilatini, kutawala na akili, na kwamba kila serikali, kwa jina lake tu, imekiri kuwa kazi yake ni kutawala akili za watu. Madai hayo si ya kweli. Kipande "-ment" kimetokana na "-mentum", kiishio ambacho Kilatini kilikitumia kuundia nomino kutokana na vitenzi, nacho ni kitu kingine kabisa na "mens", yaani akili. Vinginevyo "pavement", njia ya waendao kwa miguu, nayo ingekuwa na akili zake. Chenye historia tamu ni kile kipande cha kwanza, kilichopitia Kifaransa cha kale kutoka "gubernare" ya Kilatini, ambayo nayo ilitoka kwa "kybernan" ya Kigiriki, kushika usukani wa merikebu. Hata hivyo nauliza: asili hiyo, ikishajulikana kwa usahihi, inathibitisha nini kuhusu uhalali wa anayetawala?

Mchangiaji: Kuhusu "-ment" sina ubishi, ila umeitupa asili upesi mno. "Minister", yaani waziri, kwa Kilatini alikuwa mtumishi, na jina lake limejengwa juu ya "minus", pungufu, ilhali "magister", aliyezaa "magistrate" (hakimu), amejengwa juu ya "magis", zaidi. Tena "authority", yaani mamlaka, imetokana na "auctoritas", heshima ya kusikilizwa, ambayo Cicero, mwanasiasa wa Roma ya kale, aliitenga na "potestas", uwezo wa kuamuru, akisema kwamba uwezo huo uwe kwa wananchi na "auctoritas" iwe kwa seneti. Anayesikilizwa kwa heshima yake na anayetiiwa kwa amri bado ni watu wawili tofauti.

Mtoa mada: Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu Cicero aliijengea hoja, wala si kwa ukale wa maneno yenyewe. "Constable", ambalo leo ni jina la Kiingereza la askari polisi, alikuwa msimamizi wa mazizi, "marshal" mtumishi wa farasi, na "lord" (bwana) mlinzi wa mkate, lakini hakuna anayemshtaki askari polisi kwa kutelekeza farasi. Waziri aliyejisahau hubanwa kwa katiba na kwa kiapo alichokula. Kama mchangiaji anayo hukumu iliyomwajibisha kiongozi kwa asili ya cheo chake, bila sheria nyingine yoyote, naomba aieleze.