Pete Postlethwaite: nianze na filamu zake zipi?

Muulizaji:
Wadau, habari zenu. Nimerudia kuangalia Inception, safari hii nikamtazama vizuri yule tajiri mgonjwa kitandani, baba yake Fischer. Anaonekana kidogo sana, lakini kifo chake nimekibeba kuliko milipuko yote. Kutafuta jina, kumbe ndiye Kobayashi wa The Usual Suspects na padri wa Romeo + Juliet ya 1996! Huyu mtu ni nani hasa, na nianzie wapi?

Jibu la 1:
Mkuu, umenigusa. Huyu ndiye mwigizaji ninayempenda kuliko wote, nivumilie nikirefusha.

Alizaliwa 1946 Warrington, kaskazini mwa Uingereza, kwenye familia ya Kikatoliki ya kipato cha kawaida. Alifundisha kwanza, ndipo akaenda kusomea uigizaji Bristol Old Vic. Miaka ya 70 alikuwa kwenye jukwaa la Everyman, Liverpool, pamoja na Julie Walters, Bill Nighy na Jonathan Pryce, kabla dunia haijawajua. Sura yake, mifupa ya mashavu imechomoza vile, haikuwa ya stelingi, na nadhani ndiyo iliyomwokoa.

Za Hollywood ziache kwanza. Tazama mbili mfululizo: Distant Voices, Still Lives (1988) na In the Name of the Father (1993). Zote anacheza baba. Ya kwanza ni baba katili wa Liverpool. Usiku wa Krismasi anawapitia watoto wamelala, anawatazama kwa upole mpaka unamwonea huruma. Kesho yake mezani anavuta kitambaa, vyombo vyote chini, kisha anafoka pasafishwe. Hakuna maelezo, na yeye haombi umwelewe.

Ya pili ni Giuseppe Conlon wa Belfast, mtu halisi, aliyefungwa Uingereza bila kosa na akafia kifungoni 1980. Hapo hapazi sauti kabisa, anasali, anakohoa, anamvumilia mwanawe. Mwana ni Daniel Day-Lewis, ambaye Postlethwaite alimzidi miaka 11 tu! Angalia anavyokaa kwenye kile kitanda cha gerezani, mabega yameshuka. Huwezi kuamini ni yule yule wa kitambaa cha meza. Wafungwa wanapotupa karatasi zinazowaka madirishani baada ya kifo chake, mimi huwa nalia.

Jibu la 2:
Oscar alipata?

Jibu la 1:
Hapana. Aliteuliwa kwa hiyo ya Giuseppe kama mwigizaji msaidizi, ikaenda kwa Tommy Lee Jones wa The Fugitive. Bado inaniuma.

Jibu la 3:
Msisahau Brassed Off (1996). Ni Danny, kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ya mawe Yorkshire, mapafu yameliwa na vumbi na mgodi unafungwa. Hotuba yake Royal Albert Hall, anapolikataa kombe la mashindano ya bendi ili watu wasikie habari za wachimbaji, ni kilio cha mji mzima.

Jibu la 1:
Kweli kabisa, hiyo iwe ya tatu. Mwaka uliofuata mwongozaji Steven Spielberg alimchukua kwenye filamu mbili, The Lost World na Amistad. Lakini 2008 alirudi Everyman kucheza King Lear, pale pale alipoanzia. Saratani ilimchukua Januari 2011, miezi michache tu baada ya hiyo Inception. Ukimaliza hizo tatu, tafuta The Constant Gardener (2005), iliyopigwa Kenya. Yeye ni yule daktari anayejificha.